Imani ya Siku Sita

Juma lina siku saba. Moja twaiita siku ya Bwana, na desturi ya siku hiyo kila Mkristo aijua: avaa nguo safi, aenda kanisani, aimba, asikia Neno, atoa sadaka, na kama ameleta mkungu wa ndizi au jogoo, vyauzwa mnadani nje ya mlango wa kanisa. Lakini zile siku sita zilizobaki ni za nani? Hilo ndilo neno tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wa Injili mkaao na watu mitaani na kuyaona maisha yao kwa karibu.

Wako Wakristo wengi wanaoamini, ingawa hawasemi kwa vinywa vyao, ya kuwa kanisa lina amri zake na soko lina amri zake. Kanisani mtu atasema kweli. Sokoni atatia mawe katika gunia la mahindi. Kanisani ataungama dhambi. Ofisini ataliweka jalada la mjane chini ya majalada mengine, mpaka mjane aelewe kwamba inampasa kutoa kitu. Na wenye desturi hiyo hawakosi mithali za kuwatetea. Husema, Penye udhia penyeza rupia. Husema, Mkono mtupu haulambwi. Husema tena, Mtumikie kafiri upate mradi wako; yaani, usiulize sana habari za kazi uifanyayo, wala za bwana umfanyiaye, maadamu wewe wapata chako. Mithali ni hekima ya wazee, lakini si kila mithali ni amri. Nyingine zatuonyesha tu jinsi watu walivyo, wala hazitufundishi jinsi iwapasavyo kuwa.

Basi swali letu ni hili: Je, imani ya Kristo yaweza kukaa katika biashara, katika kazi ya serikali, na katika elimu na sanaa za nchi, au ni lazima iachwe mlangoni kama viatu? Na kama yaweza kukaa, yamdai mtu kiasi gani? Ili tusiseme maneno matupu, tumechagua kuyatazama maisha ya watu watatu waliolijaribu jambo hilo. Wote watatu walikuwa Wakatoliki.

Huenda msomaji mmoja atashangaa, aulize: Mbona Walutheri twatafuta mifano katika Kanisa la Roma? Hatutaficha ya kuwa yako mambo ambayo hatujapatana nao, katika habari za Meza ya Bwana, za daraja ya uchungaji, na za kuwaomba watakatifu. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ndilo ungamo letu, katika sehemu yake ya 21 lafundisha kwamba yafaa kuwakumbuka watakatifu, ili tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu kwa kadiri ya wito wake. Tusilolifanya ni kuwaomba. Kuwakumbuka na kujifunza kwao tumeruhusiwa. Tena tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji ule ule wa Augsburg, wajumbe wa Walutheri na wa Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Humo walikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kumwamini Kristo, wala si kwa wema wake mwenyewe, na kwamba matendo mema ni matunda ya neema hiyo. Kisha liko neno dogo ambalo wengi hawalijui: sisi na wao twazihesabu Amri Kumi kwa namna moja. Kwetu na kwao, amri ya saba ndiyo ile inayokataza wizi. Kama twaihesabu pamoja, yafaa tuisome pamoja.

Mafundisho yenyewe si mageni. Yohana Mbatizaji alipojiwa na watoza ushuru na askari, wakamwuliza wafanye nini (Luka 3:12–14), hakuwaambia waache kazi zao wakakae naye jangwani. Aliwaambia watoza ushuru wasidai kupita kiasi walichoagizwa, na askari wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao. Maana yake, toba yao aliipima mahali pa kazi yao, mezani pa ushuru na penye lindo. Dr. Martin Luther naye, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani mwaka 1520, alikataa kwamba kuna Wakristo wa daraja ya juu na wa daraja ya chini; fundi wa viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi na wito wake wa kuwafaa wengine. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, hakukawia sana juu ya mwizi avunjaye mlango. Alikwenda sokoni, kwa wenye mizani ya uongo na bidhaa mbovu, na kwa wakubwa waibao hali wameketi vitini, huku watu wakiwainamia.

Wakatoliki kwa njia yao wamefika mahali hapo hapo. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka juu ya hali ya wafanya kazi, akafundisha kwamba mshahara si mapatano tu kati ya mwenye nguvu na mwenye njaa, bali ni jambo la haki, nao wapaswa kumtosha mfanya kazi aishi. Na mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha ya kuwa wito wa walei, yaani Wakristo wasio makasisi wala watawa, ni kuutafuta ufalme wa Mungu papo hapo katika shughuli za dunia. Mafundisho basi yako. Lakini fundisho ni kama jembe jipya lililotundikwa ukutani: halijulikani ubora wake mpaka limepiga ardhi yenye mawe.

Mtu wa kwanza ni kijana wa Goma katika Kongo, mji ulio kando ya ziwa Kivu, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Jina lake Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria, na katika ujana wake akaingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, ambayo washiriki wake husali pamoja na kufanya urafiki na maskini. Huko Goma Floribert aliwashughulikia watoto wakaao njiani wasio na kwao. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini. Kazi yake hasa ilihusu vitu vilivyoharibika: yeye alikuwa wa kusema, hiki kipite, hiki kisipite.

Msomaji aliyepata kukaa penye forodha aijua kazi hiyo ilivyo. Bidhaa zaja kwa magari makubwa, mwenye mali ana haraka, kila siku ya kungoja ni hasara. Mkaguzi naye ana mfuko mwepesi na mkono wenye muhuri. Kati ya haraka ya mmoja na uhaba wa mwingine, mlungula huzaliwa bila mkunga. Mwaka 2007 kilifika chakula kilichoharibika, kisichofaa kuliwa na watu. Floribert aliletewa fedha ili akipitishe. Akakataa. Akaongezewa, akakataa, akashurutishwa, akakataa vile vile. Alizungumza na mtawa mmoja aliyekuwa tabibu, akataka kujua chakula cha namna hiyo chaweza kuwadhuru vipi wale watakaokila. Tarehe 7 Julai 2007 akatekwa. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, nayo ilikuwa na alama za mateso. Umri wake ulikuwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lililo nje ya kuta za mji, Kanisa lake lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, likamhesabu kuwa shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani.

Hapa na tusimame kidogo. Mashahidi tuliowazoea waliulizwa waziwazi kama watamkana Bwana wao. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale vijana wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana, waliouawa katika miaka ya 1885 hadi 1887. Lakini Floribert hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Aliombwa apige muhuri tu. Angaliweza kuupiga, kisha Jumapili akaenda kanisani akaimba, wala pasingalikuwa na mtu wa kumshitaki. Yeye aliona ya kuwa swali ni lile lile, ila limevaa nguo nyingine. Nyuma ya gunia aliona kinywa: yuko mama atakayenunua kibaba, akipike, awape watoto. Kumpenda jirani hapo hakukuwa kumtembelea mgonjwa hospitalini; kulikuwa kumkinga asije akawa mgonjwa. Jirani huyo Floribert hakumjua jina, naye hakumjua Floribert, wala huenda hatajua kamwe ya kuwa mtu alikufa ili yeye asile kitu kibovu. Hii ndiyo namna ya upendo iliyomo katika kazi za serikali: twawapenda watu tusiowaona, kwa njia ya karatasi, mizani na muhuri.

Sasa tuyapime maneno ya wanaopinga, kwani si maneno ya wapumbavu, nao walimu wa Injili huyasikia mara kwa mara.

Neno la kwanza lasema: Nikikataa mimi, atawekwa mwingine atakayepokea, nchi haitabadilika, ila mimi nitakosa kazi. Neno hili lina nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mtu mmoja hawezi kuuzuia mto kwa viganja vyake. Lakini tazameni latufikisha wapi. Kila mtu akilisema, hapana hata mmoja mwenye dhambi: chakula kibovu kitapita katika mikono ya watu kumi, na kila mmoja atanawa kama Pilato. Mungu hatatuuliza habari za mkono wa yule ambaye angekuja baada yetu. Atatuuliza habari za huu tulio nao. Tena, mwenye kutoa mlungula huijua bei ya kila meza. Akiikuta meza moja isiyo na bei, hawezi tena kwenda kwa meza nyingine akiwa na hakika ile ile.

Neno la pili lauma zaidi: Nina watoto. Anayelicheka neno hili hajapata kuwaona watoto wake wakilala na njaa. Mtume Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Hivyo mtu huyu hakusimama kati ya wajibu na tamaa. Amesimama kati ya wajibu mmoja na wajibu mwingine. Twamjibuje? Twasema kwanza ya kuwa yule atakayekila chakula kile naye ana watoto, na kwamba hatuna ruhusa ya kuwalisha watoto wetu kwa maradhi ya watoto wa wengine. Lakini twasema pili ya kuwa si kila Mkristo ameitwa kufa, wala si kila jambo la mlungula lina uzito mmoja. Yuko mtu adaiwaye autende uovu kwa mkono wake mwenyewe. Huyo hana njia ila kukataa. Yuko na mwingine anayenyang'anywa, kama mama mwenye uchungu wa kuzaa, adaiwaye fedha isiyo ya halali kabla hajaangaliwa. Mama huyo akitoa, ametendewa dhambi kuliko alivyoitenda. Mwalimu wa Injili asiwahukumu wawili hao kwa kipimo kimoja. Mwenye muhuri na mwenye kungojea muhuri hawachukui mzigo sawa.

Neno la tatu lasema: Hii ni desturi tu, ni chai, ni shukrani. Jibu lake ni fupi. Shukrani hutolewa kazi ikiisha, na asiyeitoa hapungukiwi na haki yake. Kitu kitolewacho kabla ya kazi, kikapimwa wingi wake, na asiyekitoa akaachwa nje, hicho si shukrani, ni bei. Na haki ya mtu haiuzwi.

Mtu wa pili alikaa mbali nasi, katika nchi ya Argentina, wala hakuuawa na mtu. Ni Enrique Shaw, aliyezaliwa mwaka 1921. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na mwaka 1945 akatoka jeshini akaingia katika kiwanda cha vioo cha Rigolleau, hata akawa mkuu wake. Mwaka 1952 alishirikiana na wengine kuanzisha chama cha wakuu wa biashara walio Wakristo. Baadaye akashikwa na kansa, lakini akaendelea kufanya kazi miaka kadhaa. Mwaka 1961, kiwanda kilipokuwa katika shida, wenye mali walitaka kuwaondoa wafanya kazi wapatao 1,200. Shaw aliwapinga, akaleta shauri jingine la kuivuka shida ile bila kuwafukuza watu wale, nalo likakubaliwa. Alipohitaji damu katika ugonjwa wake, wafanya kazi wapatao 260 walijitoa kumpa ya kwao. Akafa tarehe 27 Agosti 1962, mwenye umri wa miaka 41.

Hatusemi ya kuwa faida ni dhambi. Kiwanda kisichopata faida kitafungwa, na hapo wote watatoka, mkubwa na mdogo. Lakini chombo kikipigwa na dhoruba, hutupwa shehena kwanza. Na neno la kuuliza ni hili, nani ahesabiwaye kuwa shehena? Wafanya biashara wengi, dhoruba ikianza, humtupa mfanya kazi kabla hawajagusa kitu kingine. Shaw alimhesabu mfanya kazi kuwa mmoja wa abiria. Ndiyo maana watu wale waliona damu yao si kitu kikubwa mno kumpa.

Neno hili halihusu wenye viwanda tu. Nyumba zetu nyingi zina kijana wa kazi, shamba la kahawa lina vibarua, duka lina mtoto wa kupimia sukari. Yakobo katika waraka wake aliandika ya kuwa ujira wa wavunaji uliozuiliwa wapiga kelele, na kelele hiyo yafika masikioni mwa Bwana. Ikiwa Mkristo ameleta fungu lake la kumi, na kibarua wake hajalipwa miezi miwili, tumwulize kwa upole: fungu hili limetoka katika mfuko wa nani?

Mtu wa tatu hana haja ya kujulishwa kwa msomaji wa Tanzania. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akafundisha katika shule za Wakatoliki huko Tabora na Pugu, na mwaka 1955 akauacha ualimu kwa ajili ya siasa. Alipokuwa Rais alidumu katika ibada za Kanisa lake, lakini hakuifanya serikali kuwa ya Kanisa lake. Alishikilia ya kuwa serikali haina dini, bali watu wake wana dini zao. Mwaka 1966 aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Miiko ni neno lililochaguliwa vizuri. Kila kabila letu lajua ya kuwa mwenye mwiko haulizi kwanza kama kuna mtu amwonaye.

Katika sanaa pia alifanya kazi. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, mchezo ambao ndani yake mdai ataka kukata nyama ya mdeni kwa kuwa hati yamruhusu. Na katika uzee wake akazitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zikapigwa chapa mwaka 1996. Utenzi ni mali ya kale ya pwani. Washairi Waislamu walitunga kwa namna hiyo habari ndefu za dini yao, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Yeye hakuidharau mali ile, wala hakuona ya kuwa Injili itanajisika ikivaa vazi lile. Twajifunza ya kuwa Mkristo mtunga nyimbo, mwandishi au mwalimu, hatimizi wito wake kwa kulitaja jina la Yesu katika kila mstari. Huutimiza kwa kuifanya kazi yake vema, kwa kusema kweli, na kwa kuiheshimu lugha ya watu anaowaandikia.

Lakini tusimpake mtu rangi nyeupe kama ukuta. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo hukumu, nayo ilitumika. Na watu walipohamishiwa vijijini, hasa kati ya miaka ya 1973 na 1976, wengi walihamishwa kwa nguvu, na wengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa. Kusudi lilikuwa kuwaletea shule, maji na matibabu. Hata hivyo kusudi jema halimpi mtu ruhusa ya kuchoma nyumba ya jirani yake. Mwaka 2005 jimbo la Kikatoliki la Musoma lilianza kuichunguza habari ya utakatifu wake. Uamuzi ni wao. Sisi twapokea lililo jema na kujionya kwa lililo baya. Nayo miiko ile ya viongozi ililegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar. Na tangu hapo ikaonekana jinsi wengi walivyoishika kwa kuogopa sheria, si kwa kuipenda haki.

Sasa tukiwaweka hawa watatu pamoja, twaona neno moja ambalo ndilo kiini cha yote. Hapana hata mmoja aliyejaribu kuwa mwaminifu peke yake. Floribert alikuwa na jumuiya aliyosali nayo, na mtawa tabibu wa kumwuliza. Shaw aliona ya kuwa mfanya biashara mmoja hawezi kuwa na haki katikati ya soko lisilo na haki, akatafuta wenzake wakaunda chama. Nyerere alijaribu kuweka miiko kwa viongozi wote, ili mwema asionekane mpumbavu mbele ya mwerevu. Basi uaminifu wa siku sita si mzigo wa kichwa kimoja. Ni mzigo wa kubebana, kama jeneza au kama boriti ya nyumba. Na kama ni hivyo, swali tulilomwuliza karani na mwenye duka latugeukia sisi, yaani usharika.

Twamhubiri karani asipokee mlungula. Vema. Akiisha kukataa, akaondolewa kazini, usharika wamfanyia nini? Mara nyingi twamwambia tutamwombea, kisha twaenda kwetu. Na yule aliyepokea, aliyejenga nyumba kubwa ambayo mshahara wake haungeweza kuijenga hata kwa miaka 50, siku ya harambee ya kanisa twamfanya nini? Twamwalika awe mgeni wa heshima, twamweka kiti cha mbele, twampigia vigelegele. Watoto wa kipaimara wameketi pale, nao watazama. Tumewafundisha amri ya saba mwaka mzima darasani. Siku moja tu twaifuta mbele ya macho yao. Hatusemi mwenye mali afukuzwe kanisani. Zakayo naye alikuwa tajiri, na Bwana aliingia nyumbani mwake. Lakini Zakayo alirudisha. Usharika upokeao sadaka bila kujali imetoka wapi umekwisha kuufanya mlungula kuwa safi, nao hautakuwa na neno tena la kumwambia karani.

Kwa hiyo yako mambo manne ambayo usharika wowote waweza kuyafanya, hata ulio maskini. Kwanza, amri ya saba ifundishwe kwa vitu vya leo: mizani, muhuri, mtihani, zamu ya hospitali, ujira wa kibarua. Pili, Wakristo wa kazi moja, kama wafanya biashara, makarani, askari au waalimu, wakutane mara moja kwa mwezi, wasome Neno na kushauriana, ili ajaribiwaye asije akajaribiwa hali yu peke yake. Tatu, mfuko wa diakonia utenge fungu kwa ajili ya mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya haki, apate kuwalisha watoto wake mpaka apate njia. Hapo tutakuwa tumelijibu neno la pili kwa unga, si kwa maneno. Nne, hesabu za usharika wenyewe zisomwe waziwazi mbele ya watu wote, kwani kanisa lenye daftari la siri halina kinywa cha kuikemea forodha.

Ndugu wasomaji, si wengi wetu watakaotekwa njiani kama yule kijana wa Goma, na Mungu atuepushe. Lakini kila mmoja wetu atapewa juma hili kitu kidogo cha kupima, cha kuandika, cha kulipa au cha kutia sahihi. Hapo ndipo ungamo letu litakaposomwa na watu wasioingia kanisani kamwe. Na kama yuko mmoja katika mtaa wenu ambaye anashurutishwa sasa, msingoje afike kwenu usiku. Mwendeeni, mkae naye, mpeni mkono. Bwana aliyefanya kazi ya mikono huko Nazareti anaijua kazi, naye atatupa nguvu ya kuifanya iliyo yetu kwa haki.